Kipande cha sufuria kwenye droo yangu

Kwenye droo ya juu ya meza yangu ya kazi, pamoja na koleo bovu na risiti ambazo sina haja nazo tena, mna kipande cha sufuria. Hakizidi ukucha wa kidole gumba. Nilikikata kwa msumeno wa chuma kutoka sufuria kuukuu ya mama, nikagandisha vipande vingine juu yake, kila kimoja kifupi kuliko kilicho chini yake, ikatoka ngazi ya vidato vitatu. Wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mazoezi hukiokota, wakakigeuzageuza, wakauliza, "Hiki nacho cha nini, Dakta?" Nikiwaambia kuwa ndicho kilichonifundisha kuutazama mfupa wa taya, hudhani nafanya mzaha.

Mimi ni tabibu wa meno, Pemba. Hilo la "Dakta" ni heshima ya watu tu. Kupasua taya si kazi yangu. Nang'oa, naziba, nasafisha, na napiga picha. Haya ninayoyaandika ni ya miaka ile tulipokuwa bado tukitumia filamu. Nilikuwa na mashine moja ya eksirei, ile yenye mkono mrefu uliofungwa ukutani, na chumba cha giza ambacho kabla yangu kilikuwa stoo ya mafagio. Niliweza kupiga picha ndogo ya meno mawili matatu, na kwa kaseti moja, yaani kasha la filamu, yenye ukubwa wa daftari niliweza kupiga ubavu wa taya. Picha ya taya zima, ile ambayo mashine humzunguka mtu kichwani, ilitaka nauli ya boti kutoka Mkoani hadi Unguja.

Wa kwanza kunitia adabu alikuwa mchumaji karafuu.

Aliletwa na kaka zake wawili kwa pikipiki moja, yeye katikati, kanga ya mama yake imefungwa kuanzia chini ya kidevu mpaka utosini. Mkarafuu una hila moja: tawi lake huonekana zima hadi dakika linapokatika. Alianguka kwa kidevu juu ya mzizi. Nilipompiga ubavu wa taya, upande wa kushoto, nyuma kidogo ya chonge, palikuwa na mstari mweusi mwembamba kama uzi, umeteremka kutoka kwenye ufizi hadi ukingo wa chini. Taya limevunjika, lakini halijaachana sana. Nikamwandikia barua, akavuka. Huko wakamfunga meno ya juu na ya chini pamoja kwa waya, wakamrudisha na karatasi iliyosema akae wiki 5, kisha mimi nimwangalie, akiwa tayari nimfungue.

Wiki 5 za kufungwa meno ni ndefu. Mama yake alikuwa akitwanga samaki kwenye kinu, anachemsha, anachuja kwa kitambaa, kijana anauvuta mchuzi kwa mrija kupitia upenyo ulio nyuma ya gego la mwisho. Uji, maziwa, mchuzi. Mchuzi, maziwa, uji. Alipokuja siku yake shati lilikuwa likimpepea mwilini kama la kuazima.

Nikampiga picha. Ule uzi mweusi ulikuwa haupo. Badala yake palikuwa na kamba. Ufa ulikuwa mpana kuliko siku ya kwanza! Nikaziweka filamu mbili pamoja kwenye kioo cha taa, nikazitazama kwa mbali, nikazitazama kwa karibu, na moyo ukaanza kwenda mbio. Kwa akili yangu ya siku zile jambo lilikuwa wazi: mfupa haukuunga, na si kwamba haukuunga tu, unazidi kuachana. Nikamwambia, "Tutaongeza wiki 3."

Akanitazama tu. Mtu aliyefungwa meno hana njia ya kubishana. Akatoa simu yake, akaandika, akanigeuzia kioo nisome: "Dakta nna njaa."

Nikamwambia avumilie. Wiki 3 zikaisha, nikapiga picha nyingine, ufa bado ninauona. Ndipo nikampigia simu daktari bingwa wa upasuaji aliyemfunga, mzee mmoja asiye na maneno mengi. Nikamweleza yote, na picha zote tatu nikazisimulia kwa ufasaha mkubwa.

"Ulimshika?" akaniuliza.

"Nilimpiga picha, Daktari."

"Sikukuuliza picha. Ulimshika?"

Nikanyamaza.

"Kata waya sasa hivi. Weka vidole huku na huku ya ufa, umtingishe kama unayetaka kumega mkate. Likienda pamoja kama kitu kimoja na yeye haumwi, limeunga. Picha inakuonyesha chokaa, haikuonyeshi mshiko. Hao wazee wa shamba wanaounga mifupa, wao wana mashine gani?"

Nikazikata waya. Nikashika. Taya lilikuwa gumu kama kizingiti. Wallahi nilitamani sakafu inimeze, kwa sababu yumkini lilikuwa gumu hivyo hivyo wiki 3 nyuma, siku ile aliponionyesha simu yake.

Nilielezwa baadaye, na nimekuja kuliona mara nyingi tangu hapo. Mfupa ukivunjika, mwili hauanzi kwa kujenga. Huanza kwa kusafisha: ncha zilizovunjika hulika kidogo, na kwa wiki za mwanzo ufa kwenye picha hupanuka. Fundi mwashi anayejua kazi hufanya vivyo hivyo kwenye ukuta uliopasuka. Huchimbua ufa kwanza ndipo autie saruji. Kisha hapo katikati hujaa mfupa mchanga, mlaini, ambao umeshashika pande zote mbili lakini haujapata chokaa ya kutosha. Miale ya eksirei huupita kana kwamba hapana kitu. Kwa hiyo vidole vinaweza kukwambia "umeunga" na picha ikakwambia "bado" siku moja, na vyote viwili vikawa vinasema kweli. Kwa mtu mzima taya huhitaji wiki 4 hadi 6 za kutulizwa. Ule mstari kwenye picha unaweza kukaa miezi.

Ucheleweshaji wangu ulikuwa na gharama yake. Mdomo wake ulifunguka kiasi cha kidole kimoja tu, misuli ilikuwa imekakamaa. Tukafanya ule mchezo wa vijiti: vijiti bapa vya kukandamizia ulimi vinapangwa pamoja, vinaingizwa kati ya meno ya mbele, kila siku mbili kinaongezwa kimoja. Ilichukua zaidi ya mwezi. Mama yake hakunisema neno. Alinisalimu kila alipokuja, na salamu ile ilikuwa fupi.

Miezi minane baadaye kijana alikuja na jino jingine linalouma upande uleule, ikabidi nipige picha. Ufa ulikuwa bado unaonekana, mwembamba, umefifia kama mwandiko wa penseli uliofutwa. Nikatoka nje kumwita ajione. Nikamkuta kwenye benchi ya wagonjwa anamenya mua kwa meno.

Ungedhani baada ya hapo ningekuwa mjuzi. Nilijua nusu: kwamba picha huchelewa kuonyesha mfupa uliopona. Kwamba huchelewa pia kuonyesha mfupa unaokufa, hilo nilifundishwa na Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa alikuwa jirani wa shangazi yangu, muuza mikate ya mofa, mwenye sukari ya miaka mingi ambayo alikuwa akiipima siku anapokumbuka. Nilimng'oa gego la chini kushoto. Halikutoka kwa wema. Mzizi mmoja ulibaki, ikabidi nichimbe mfupa kuufuata. Siku ya nne akarudi, maumivu yamepanda hadi sikioni. Tundu lilikuwa kavu, lile bonge la damu linaloziba tundu baada ya kung'oa limeyeyuka, mfupa uko wazi. Hilo hutokea, na dawa yake tunayo. Nikaliosha, nikaweka kitambaa chenye zinki na mafuta ya karafuu. Harufu ilipomfika akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Karafuu nimeianika maisha yangu yote, mwanangu. Leo nalipa pesa kuitia kwenye jino."

Maumivu yakapungua siku mbili, kisha yakarudi. Siku ya kumi akaja tena, nikampiga picha. Ilikuwa picha nzuri, naikumbuka mpaka leo. Tundu lina umbo la mizizi miwili, ule ukingo wake mweupe umezunguka vizuri, na mfupa wote pembeni una nyuzinyuzi zake kama kimia. Nikamwonyesha. "Bi Mkubwa, mfupa mzima huu, hauna neno."

"Mbona mdomo huku umekufa?" Akajigusa chini ya mdomo, kushoto. "Nikinywa chai inamwagika, sijui mpaka nione kanga imerowa."

Hapo ndipo nilipokosea. Ganzi ya sindano huisha kwa saa chache. Mdomo wa chini unaoingia ganzi siku kumi baada ya kung'oa, kwa mtu mwenye sukari, mwenye maumivu yanayorudi, ni mshipa wa fahamu unaobanwa ndani ya taya, na mara nyingi kinachoubana ni usaha. Neno lake lile lilikuwa na uzito kuliko filamu yangu. Lakini filamu ilikuwa safi, na mimi nilikuwa nimeifurahia. Nikamwambia mshipa umeguswa wakati wa kung'oa, utarudi wenyewe.

Kinachoniuma ni kwamba somo hili nililifanyia mtihani chuoni. Mfupa lazima upoteze sehemu kubwa ya madini yake, asilimia 30 hadi 50 kwa kawaida hutajwa, ndipo picha ya kawaida ionyeshe weusi. Uambukizo ulioanza wiki iliyopita haujafika hapo. Kwa taya, wiki mbili za mwanzo picha inaweza kuwa safi kabisa na moto umeshashika ndani. Nilijaza jibu hilo kwenye karatasi nikapata maksi zangu. Kulijua mbele ya mtu ni jambo jingine.

Wiki ya nne alikuja na shavu limevimba, na ndani, kwenye ufizi, kishimo kidogo kinatoa usaha. Picha ya siku hiyo haikuhitaji utaalamu. Mfupa ulikuwa kama ubao ulioliwa na mchwa, madoadoa meusi yasiyo na mpaka. Ila katikati ya weusi ule kulikuwa na kipande kimoja cheupe, kimesimama peke yake kama kisiwa. Nikamshukuru Mungu kuwa angalau hapo pamebaki pazima. Nikampigia simu yule yule mzee. Nikamwambia kila kitu, nikamalizia na hiyo habari njema ya kile cheupe.

Akavuta pumzi. "Hicho cheupe ndicho maiti," akasema.

Nilikaa na maneno hayo muda mrefu kabla hayajaniingia. Mfupa hai ulio katikati ya uambukizo hupoteza chokaa yake, kwa sababu una damu, na damu ndiyo inayokuja kuichukua. Uliokufa hauna damu. Hakuna anayekuja kuchukua chochote. Kwa hiyo hubaki na weupe wake wote, umezungukwa na weusi wa walio hai wanaoungua. Kwenye picha ya taya lenye maradhi haya, kinachong'aa kuliko vyote ndicho kinachopaswa kutolewa.

Bi Mkubwa akavuka na mwanawe. Kabla ya kuondoka, mwanawe alinivuta pembeni kuniuliza kama mionzi haitamdhuru mama, maana atapigwa picha nyingi. Nilimwambia kama ninavyowaambia wote: mionzi ya picha moja ya taya zima ni kama maikrosiveti 20, na dunia yenyewe, kwa udongo wake, hewa yake na anga yake, humpa kila mtu zaidi ya hapo ndani ya siku nne hata asipotoka nyumbani. Hofu hiyo ni ndogo. Lakini sipigi picha kwa sababu ya udadisi, wala kwa sababu mgonjwa anataka kujiona. Mfupa huenda polepole; anayeupiga picha kila wiki anachoma filamu na pesa za watu.

Picha aliyopigwa Unguja ilirudi kwangu nayo ikanipa kichekesho. Bi Mkubwa alikuwa na vipuli masikioni tangu utoto wake, havikutoka, naye hakutaka vitoke. Kwenye picha, sikio la kushoto lilikuwa na kipuli chake mahali pake. Lakini upande wa kulia, juu, karibu na mfupa wa shavu, palikuwa na wingu jeupe la duara, kubwa, lenye kingo za ukungu. Nikalizungushia kalamu nyekundu. Nilikuwa nimeshaanza kuandika barua nyingine ya uchunguzi nilipotambua kuwa wingu lile ni kivuli cha kipuli kilekile cha kushoto. Mashine inapomzunguka mtu, kitu cha chuma kilicho upande mmoja kinaweza kutupa kivuli chake upande wa pili, juu zaidi ya kilipo, kikubwa zaidi, kimefifia. Pini za mtandio nazo hufanya hivyo. Tangu siku ile, kila ninayemwandikia kwenda kupigwa picha ya taya zima namwambia aache hereni, kishaufu, mkufu na pini zote nyumbani, na asiyeweza kutoa naandika kwenye karatasi: ana vipuli.

Walimtoa vipande vya mfupa, wakamweka kwenye dawa za kuua vijidudu kwa wiki kadhaa, na sukari ikashikiwa bango kwelikweli, kwa sababu mfupa wa mwenye sukari isiyotulia hupona kwa kusuasua. Kisha wakamrudisha kwangu na ratiba: picha ndogo ya mahali pale mwezi wa 3, wa 6 na wa 12 tangu upasuaji.

Mwezi wa 3 filamu ilitoka nyeupe. Lile shimo kubwa lililoachwa na upasuaji lilikuwa limejaa ukungu mweupe wa mfupa mchanga, zuri kuliko nilivyotarajia. Nikampa aishike mwenyewe dirishani. Akapiga kigelegele palepale, wagonjwa wa nje wakadhani pana harusi.

Mwezi wa 6 filamu ikatoka nyeusi. Shimo lilikuwa limerudi. Si lote, lakini weusi wake ulikuwa dhahiri kwa mtu yeyote mwenye macho, na Bi Mkubwa macho alikuwa nayo. Hakuuliza kitu. Alikunja ile filamu ya zamani kwenye karatasi yake, akaiweka kwenye mkoba, na mikono yake ilikuwa ikitetemeka.

Safari hii nilimshika kwanza. Hapakuwa na uvimbe, wala usaha, wala maumivu kwa kubonyeza; ufizi ulikuwa wa waridi na umefunga. Kila kitu mdomoni kilisema amepona, picha peke yake ilisema hajapona. Nikamwambia anipe siku mbili.

Usiku nikaingia chumba cha giza kupekua daftari langu la dawa. Sisi tuliokuwa tukiosha filamu wenyewe tulikuwa na dawa mbili, moja ya kutoa sura na moja ya kuigandisha. Ile ya kutoa sura huchoka. Ikichoka haiwi na nguvu ya kutia weusi, na filamu nzima hutoka imepauka. Mwezi wa 3, nikaona kwa mwandiko wangu mwenyewe, shehena ilikuwa imechelewa na mimi nilikuwa nikiibana dawa ileile kwa wiki nyingi kupita kiasi. Mwezi wa 6 dawa ilikuwa mpya. Bi Mkubwa hakuwa amerudi nyuma. Nilimponya mwezi wa 3 kwa dawa iliyochoka, nikamwuguza mwezi wa 6 kwa dawa nzima.

Na hata pembe hazikuwa moja. Picha ndogo hupigwa kwa filamu iliyoingizwa mdomoni, na ukiielekeza mashine juu kidogo au chini kidogo ya ulivyoielekeza mara iliyopita, mfupa uleule hurefuka au kufupika, na shimo lilelile huonekana kubwa au dogo. Nilikuwa nikilinganisha vitu viwili ambavyo havikuwahi kuwa kitu kimoja.

Hapo ndipo sufuria ya mama ilipokufa shahidi. Sufuria zetu nyingi ni za aluminiamu, na aluminiamu huizuia miale karibu na namna mfupa unavyoizuia. Wataalamu huitumia kama kipimo. Nikakata ile ngazi ya vidato vitatu, nikaifunga ndani ya kidole cha glovu, nikaibandika kwenye kona ya filamu. Sasa kila picha inatoka na mfupa pamoja na ngazi: kijivu cheusi, kijivu, kijivu cheupe. Ngazi ya leo ikifanana na ngazi ya jana, tofauti ninayoiona kwenye mfupa ni ya mfupa. Ngazi zisipofanana, sisemi neno mpaka nipige nyingine au nirekebishe dawa. Na kwa ajili ya pembe nikachukua kile kishikio cha filamu, nikakitia nta iliyopashwa moto, nikamwambia Bi Mkubwa aume. Alama za meno yake zikabaki kwenye nta, nikaihifadhi ndani ya bahasha yenye jina lake. Kila akija anauma kwenye alama zake, filamu inakwenda palepale.

Alipoambiwa aume, alilalamika kuwa filamu na kisufuria vinamchoma chini ya ulimi. Nikamwambia ashukuru: mwezi Januari 1896, wiki chache baada ya Wilhelm Röntgen kuutangazia ulimwengu miale yake, mganga wa meno mmoja wa Ujerumani, Otto Walkhoff, alipiga picha ya meno yake mwenyewe akakaa nayo mdomoni dakika 25. Bi Mkubwa akatema kidogo, akasema, "Huyo hakuwa na mikate tanurini."

Siku hizi tuna kompyuta. Dawa ya kuosha hakuna, chumba cha giza kimerudi kuwa stoo ya mafagio. Wenzangu vijana huniambia matatizo yangu yamekwisha. Nami huwaonyesha kile kitufe cha mwangaza kwenye skrini. Kisogeze kulia, mfupa unapona. Kisogeze kushoto, unaugua. Mtu anaweza kukutumia kwa WhatsApp picha aliyoipiga kwa simu juu ya skrini, imeshabanwa na kupaushwa njiani, akakuuliza, "Umeunga?" Jibu langu kwa hao ni swali lilelile nililoulizwa mimi: umemshika? Na la pili: nipe picha ya mwanzo, iliyopigwa kwa kipimo kilekile. Hata picha za siti skani za meno, zinazokata mfupa vipande vipande na kukuonyesha upana wake, ambao picha bapa haiwezi kuuonyesha, nazo kijivu chake hakiaminiki ukikitoa mashine moja ukakipeleka nyingine.

Mwezi wa 12 Bi Mkubwa alikuja asubuhi mapema, kabla ya wateja wake wa mikate. Akauma nta yake. Nilipotoa filamu nilitazama ngazi kwanza, vidato vitatu, vinalingana na vya picha niliyoirudia baada ya mwezi wa 6. Ndipo nikatazama mfupa. Shimo lilikuwa limejaa. Si ukungu tena. Nyuzinyuzi zilikuwa zimejipanga, hazijawa kama za upande wa kulia, lakini ni kimia. Ukingo wa juu ulikuwa umefunga, umebonyea kidogo. Sehemu moja tu, chini kabisa, pale inapopita njia ya mshipa wa fahamu, mistari yake miwili myeupe ilikuwa imefifia kwa kiasi cha punje chache za mchele, kisha ikaendelea.

Nikampa filamu zote mbili. Akazipeleka dirishani, akaziweka moja juu ya nyingine, akazitenganisha, akaziweka tena. Alikuwa ameshajua kusoma kuliko baadhi ya wanafunzi wangu.

"Kwa hiyo nimepona."

"Mfupa umepona, Bi Mkubwa. Nitakubonyeza nihakikishe."

Nikambonyeza. Hakuumwa. Kisha nikachukua pamba, nikaisokota ncha, nikampitisha nayo chini ya mdomo taratibu kutoka kulia kwenda kushoto, nikamwambia anyanyue mkono pale asipoihisi. Alinyanyua mkono palepale alipokuwa akinyanyua mwezi wa 6, labda upana wa kidole kimoja pungufu.

"Picha imeshapata habari," akasema, akijifuta na ncha ya kanga. "Mdomo bado haujaambiwa."

Nikaandika kwenye kadi yake: mfupa umejaa, ganzi ipo, mdomo wa chini kushoto, imepungua kidogo. Nikampa tarehe ya miezi 6. Aliniachia mikate miwili ya mofa juu ya meza, imefungwa kwenye gazeti, bado ya moto.